Mwaka wa Ukuta Uliotoka Jasho

Juma lililopita, katika ibada ya kumuaga Mama Truphena nyumbani kwake Langas, kijana mmoja wa kamati ya mazishi alishika kipaza sauti akasema kwamba marehemu alikuwa mpishi hodari, hodari kiasi kwamba aliwahi kuupikia ukuta mboga. Hema zima likacheka. Wanawe wakacheka, na ninajua kwamba marehemu mwenyewe, kama angekuwa ameketi kwenye kiti badala ya kulala ndani ya sanduku, angecheka mbele ya watu, kisha akanyamaza akifika nyumbani. Mimi sikucheka. Mjukuu wangu, aliyekuwa kando yangu, aliniona akaniuliza sababu, nikamwambia kwamba kisa hicho si cha kunong'onezwa katika matanga ya watu. Leo nimemwita, nikamwamuru aizime simu yake, ashike kalamu, aandike ninavyosema, asiongeze wala asipunguze. Mimi sikusoma. Hayo si malalamiko. Nayataja kwa sababu yana mahali pake katika mambo nitakayoeleza.

Sitasema nilizaliwa wapi wala nililelewa na nani. Wanaohitaji kuyajua hayo wanayajua. Nitaanza na chumba. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, nimepanga chumba cha mabati Huruma, hapa Eldoret, katika ploti yenye milango mingi na bomba moja la maji, na kilichotutenga na majirani kilikuwa chembamba kiasi kwamba niliyajua mapishi yao kwa harufu na magomvi yao kwa majina. Asubuhi nilitoka na wasichana wenzangu kutafuta kibarua. Mwanzoni mwa mwaka ninaousema, kabla mvua hazijaanza, tulisikia kwamba kuna kanisa linalotaka watu wa kuchekecha mchanga. Tulipofika walichaguliwa wachache, nami nikawa miongoni mwao, nadhani kwa sababu nilikuwa na mabega. Jengo lenyewe lilikuwa ukumbi wa mawe ambao walowezi waliujenga zamani na kanisa likaurithi. Ukuta wake wa nyuma, ule unaopigwa na mvua, ulikuwa umeoza. Watu waliotangulia walikuwa wameupaka saruji wakidhani wanauimarisha. Maji yaliyoingia ndani ya mawe hayakupata njia ya kutoka, na jiwe likawa linamong'onyoka nyuma ya saruji kama mkate wa juzi.

Aliyekuja kuuponya ukuta huo alikuwa mzee kutoka Korea, tuliyemwita Mzee Seo. Kwao alikuwa fundi wa majumba ya kale, kazi aliyorithi kwa baba yake. Mkewe alipofariki aliungana na watu wa kanisa, nao wakamleta huku. Kiswahili alikuwa amefundishwa Nairobi kwa kitabu, kwa hiyo kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, na tulipenda kumsalimu ili tu tumsikie akijibu. “Sijambo, asante. Na ninyi je, mmeamkaje?” angesema, akiinama kidogo, na fundi Barasa, fundi wa saruji aliyeajiriwa kumsaidia na ambaye alimsaidia shingo upande, alimwigiza mchana kutwa. Chokaa ilitoka Koru ikiwa madonge. Mzee Seo aliitumbukiza katika shimo la maji, nayo ikachemka bila moto, ikitoa mvuke na sauti ya kunguruma, kisha akaiacha ilale chini ya maji wiki baada ya wiki mpaka ikawa laini kama siagi. Barasa alikuwa akipita kando ya shimo hilo akisema, “Simiti ingekuwa imekauka, tumelipwa, na tumesahau.”

Kwao, Mzee Seo alitueleza, chokaa ya majumba ya heshima haikorogwi kwa maji matupu. Huchukuliwa mwani wa baharini, ukachemshwa mpaka ukawa uji, ukachujwa kwa kitambaa, na uji huo ndio unaokorogewa chokaa. Mahali pengine hutumiwa gome la mti fulani wenye ute. Ute huizuia chokaa isikauke upesi na kupasuka, na huifanya ing'ang'anie jiwe. Sasa bahari iko wapi Eldoret? Tulimletea magome ya kila mti uliokuwa karibu. Aliyaloweka, akayaponda, akayachemsha; mengine yalitoa rangi nyekundu, mengine yalitoa povu, mengine hayakutoa chochote isipokuwa harufu iliyomkimbiza mlinzi. Kila jioni alimwaga alichokipika chini ya ua, akanawa mikono, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba kesho atajaribu tena.

Chakula cha mchana kilipikwa na Mama Truphena, mwanamke mkubwa mwenye sauti, ambaye kanisa lilimpa kibanda cha mabati nyuma ya ukumbi. Siku moja alitupikia ugali na mrenda uliochanganywa na majani ya kunde. Mzee Seo aliletewa sahani yake akakaa kwenye jiwe kati yetu. Barasa alimega tonge, akachovya, akainua mkono, na mrenda ukavutika kutoka kwenye sahani hadi mdomoni mwake kama uzi. Mzee Seo aliweka sahani yake chini.

“Mama,” akasema, “hii ni nini?”

“Ni mrenda, Mzee. Kula. Ukimaliza utateleza mpaka Korea.”

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Aliuchukua mrenda kati ya kidole gumba na cha shahada, akautenga, akautazama uzi ule ukirefuka, akavibana tena vidole, akavitenga tena. Ugali wake ulipoa. “Nipe majani mabichi,” akasema. “Tafadhali, mama. Mengi.”

“Mzee, hiyo ni mboga,” Barasa akamwambia. “Ukuta hauna tumbo.”

“Ukuta una kiu,” Mzee Seo akamjibu, na Barasa akarudi kwenye sahani yake.

Chungu cha kwanza cha majaribio tulikipika yeye na mimi pale pale uani. Alitia maji, akatia majani kwa mkono wake mwenyewe, nami nikakoroga mpaka bega likauma. Tulichuja kwa kipande cha shuka. Tulichanganya ute huo na chokaa na mchanga niliouchekecha, tukatia nyuzi za katani zilizokatwa fupi, na akapaka kiraka kidogo chini ya ukuta. Kila asubuhi alikigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Hakikupasuka hata ufa wa unywele. Barasa alikikwaruza kwa ukucha pale alipodhani hatuoni, akautazama ukucha wake, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimefanya vibarua vingi mjini humu, vya kubeba na kufua na kupalilia, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunifanya niamke mapema kwenda kukitazama. Hicho kiraka niliamka kukitazama.

Lakini ukuta mzima si kiraka. Tulihitaji ute wa mitungi na mitungi, na moto wa uani haukutosha. Mama Truphena akasema kwamba yeye nyumbani Langas ana sufuria za kupikia harusi. Atapika alfajiri na kuuleta kwa mkokoteni. Nakumbuka mazungumzo yao kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati nikishika chekecheo.

“Majani na maji,” Mzee Seo akamwambia.

“Majani na maji, Mzee. Kwani mimi ni mtoto? Nimepika mrenda kabla hujafika Kenya.”

Mnamo siku hizo ndipo nilipoanza kuona mambo. Mzee Seo alikuwa akitafuta mwiko wake wa kupakia ilhali ameushika. Alitia sukari kwenye chai, akakoroga, akatia tena, akaonja na kushangaa. Aliniuliza jina langu asubuhi moja, nikamwambia ni Nekesa, naye akaona haya sana, akainama kuliko kawaida. Kisha siku moja nilipokuwa nikisafisha chekecheo chini ya dirisha la ofisi, nilimsikia Mchungaji akizungumza na mzee mmoja wa kanisa. Sikuwa nimekwenda kusikiliza. Maji yako pale.

“Huyu mzee anapotea, Mchungaji. Jana amenisalimu mara tatu.”

“Nimeona.”

“Sasa tunamwachia jengo?”

Mchungaji akasema: “Tungoje mvua. Ukuta ukisimama na mvua hii, basi akili ya kazi bado iko, nami nitamwacha amalize ukumbi wote. Ukikataa, nitamwita binti yake aje amchukue.”

Nilibaki na chekecheo mkononi. Ningefanya nini? Msichana wa kuchekecha mchanga haingii ofisini kumwambia Mchungaji kwamba amekosea, na isitoshe hakuwa amekosea. Nilifikiri kumwonya Mzee Seo, lakini alikuwa anajua mwenyewe. Tulikuwa tumepumzika kwenye rundo la mawe alipoligusa paji la uso wake na kuniambia, taratibu, kama mtu anayeeleza hali ya mfereji: “Nekesa, hapa panavuja. Ninajua. Lakini mkono haujasahau. Nikitaka kujua kama bado mimi ni mimi, nitautazama ukuta.” Akaniomba nimpe karai. Nilimpa.

Tulipaka ukuta mwezi wa Machi. Mama Truphena alileta mitungi kila asubuhi, ute wake ukiwa mzito na wa kijani iliyokolea, unaovutika kuliko ule wetu wa majaribio, na Mzee Seo aliupima kwa vidole na kufurahi. Ukuta ulipokamilika ulikuwa na weupe usiochoma macho. Mchungaji alikuja na kofia mkononi. Hata Barasa alisema, “Kwa ukuta wa mboga, si mbaya.” Tulinunuliwa soda, na tukangoja mvua kama watu wanaongoja mgeni waliyemwandalia.

Mvua zilikuja Aprili, na ukuta ukatoka jasho. Sina neno jingine. Hakukuwa na tone lililoupiga, kwa kuwa tulikuwa tumeufunika kwa turubai, lakini ulikuwa umelowa kutoka ndani kama shingo ya mpagazi. Mzee Seo aliweka kiganja, akakitoa kikiwa majimaji. Baada ya siku kadhaa ukatoa unga mweupe, kisha malengelenge, kisha plasta ikaanza kudondoka vipande vipande. Kile kiraka chetu cha kwanza, pale chini, kilikuwa kikavu. Alichuchumaa mbele yake muda mrefu. Alikigusa hicho, akaugusa ukuta, akakigusa tena.

“Nilipima vibaya?” akaniuliza.

“Hapana, Mzee. Ulipima kama siku zote. Nilikuwa hapa.”

“Vitu ni vile vile?”

“Ni vile vile.”

“Basi kuna kitu nimesahau,” akasema, na akachukua mwiko akaanza kuukwangua ukuta mwenyewe, kuanzia juu, maana kwao fundi hamwachii mwingine kuondoa kazi yake mbovu. Tulitaka kumsaidia, akakataa kwa mkono.

Mchungaji alimpa nafasi nyingine, kwa huruma, si kwa imani. Mwezi wa Juni tukapaka upya chini ya turubai. Safari hii Mzee Seo alipima kila kitu kwa kikombe kimoja, akamwaga, akapima tena, huku midomo yake ikitembea. Mitungi ilitoka Langas kama kawaida. Ukuta ukatoka jasho tena. Nilijua kwamba mambo yameharibika kabisa nilipomwona fundi Barasa akimletea Mzee Seo chai, akiwa ameishikia sahani kwa chini, na bila kutania. Mzaha wake ningeuvumilia. Ile chai ndiyo iliyonishinda.

Baada ya hapo Mzee Seo hakupaka tena. Aliishi katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, ambamo uliingia ukiwa umevua viatu. Kulikuwa na mkeka, blanketi lililokunjwa sawasawa, na ndoo ya plastiki ambamo alichachusha figili na pilipili. Mama Truphena aliwahi kuifungua ndoo hiyo akasema, “Yesu, nani amefia humu?” Lakini mimi nilizoea. Kila nikimaliza kazi nilipita kumtazama, naye alinikaribisha, akanipakulia wali na figili zile, tukala bila kusema mengi. Kiswahili ndicho kilichoondoka kwanza, kwa kuwa ndicho kilichofika mwisho. Alikuwa akianza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa lugha yao, bila kujua kwamba amevuka. Kisha Kiingereza nacho kikaondoka. Mchungaji alikuwa akitoka mle chumbani akitikisa kichwa. Ulipofika mwezi wa Agosti Mzee Seo alikuwa amebaki na lugha moja, nayo ilikuwa lugha ambayo hakuna mtu yeyote kati yetu aliyeijua. Alizungumza sana wakati huo. Nadhani alizungumza juu ya kazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikichuja, ikikoroga, ikipaka. Nilikaa pale nikiitazama mikono. Yote aliyokuwa akiyajua yalikuwa yakitoka mbele yangu, na mimi, hata kama ningejua kuandika, nisingejua niandike nini.

Sasa nifike Langas. Jumapili moja ya mwezi huo, Mama Truphena alinialika chakula. Jikoni kwake kulikuwa na ile sufuria ya harusi pembeni, na juu ya kigoda kulikuwa na chungu kilichotobolewa chini, kimejazwa majivu ya maganda ya maharagwe, kikidondosha maji ya rangi ya chai ndani ya bakuli. Huo ni munyu. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tunaujua tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu: unamwaga maji juu ya majivu, yanachuja, na hayo yanayodondoka ndiyo yanayolainisha mboga ngumu na kuufanya mrenda uvutike. Aliinua bakuli akamimina kwenye mboga ya mchana, huku akizungumza habari nyingine kabisa, na mkono wake wala haukujua kwamba umefanya hivyo. Mimi ndimi niliyeuona.

“Mama Truphena,” nikasema. “Na ile ya ukuta?”

“Ile ya ukuta nini?”

“Uliweka munyu?”

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama alivaa nguo. “Wewe unapika mrenda bila munyu? Majani ya kiangazi vile yalikuwa magumu? Si ungekuwa unapika karatasi.”

“Mzee alisema majani na maji.”

“Na munyu si ni maji?” akasema. Kisha akalisikia alilolisema, maana munyu una chumvi, na chumvi hutoka jasho yenyewe wakati wa mvua. Aliliweka bakuli chini polepole, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Mafuta yalikuwa yakichoma kitunguu na hakuna aliyekigeuza. “Hakuniuliza,” akasema. “Nekesa, angeniuliza ningemwambia. Si kitu cha kuficha.”

Alikuwa anasema kweli. Mtu akikueleza alivyopika ugali hakwambii kwamba aliwasha moto. Hata mimi, kama ingekuwa zamu yangu kupika katika sufuria ile, ningetia munyu na kuapa mbele ya hakimu kwamba nilitia majani na maji. Mzee Seo naye asingeweza kuuliza juu ya kitu ambacho hajawahi kukisikia. Nimetafuta miaka yote hii mtu wa kumlaumu, maana lawama ni kitu cha kushika, na sikumpata.

Kesho yake tulikwenda sote wawili chumbani kwa Mzee Seo. Alitupokea kwa furaha, akatutandikia blanketi tukalie, akatupa maji ya moto kwenye vikombe. Mama Truphena alipiga magoti. Alimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kiluhya, kisha kwa sauti kubwa, kama vile tatizo lilikuwa masikio: “Mzee! Si wewe! Ni munyu! Ni mimi na munyu wangu!” Mzee Seo alimsikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa pale alipohisi kwamba panahitaji kutikiswa. Mama Truphena alipoanza kulia alimshika mkono, akamwongezea maji ya moto.

Nikafikiri kwamba kama sikio halisikii, jicho litaona. Mimi na Barasa tulipaka viraka viwili kando kwa kando ukutani, kimoja cha ute wenye munyu, kingine cha ute mtupu, tukavitundikia magunia yaliyoloweshwa vikauke taratibu kama alivyotufundisha. Mvua za Septemba zilipovifikia, kimoja kikatoka jasho na kingine kikabaki kikavu. Tulikwenda kumleta, Barasa akimshika kiwiko. Alisimama mbele ya viraka hivyo. Aliweka kiganja kwenye kile chenye majimaji, akakitazama kiganja. Akaweka kwenye kile kikavu. Akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Uso wake ulikuwa uso wa kazi, uso niliokuwa sijauona kwa miezi, nami nikamshika Barasa mkono kwa nguvu bila kukusudia. Mzee Seo akanyoosha mkono, nikampa mwiko. Akaanza kukwangua. Alikikwangua kibovu mpaka likatokea jiwe, akasogea, akakikwangua na kizuri.

“Hicho hapana, Mzee!” Barasa akapiga kelele. “Hicho kimeshika! Nekesa, mwambie!”

Ningemwambia kwa lugha gani? Tulisimama tukimtazama. Alipomaliza aliufuta mwiko kwa kiganja, akanirudishia akiushika kwenye bapa ili mimi nipate mpini.

Nilikwenda ofisini, safari hii bila kujali mimi ni nani, nikamwambia Mchungaji habari yote. Alinisikiliza. Alikuwa mtu mwema na sitaruhusu aandikwe vingine. “Nakuamini, Nekesa,” akasema. “Lakini sasa hata kama ni munyu, mimi nifanyeje? Ukuta unaweza kupakwa. Mzee hapakwi.” Alikuwa amekwisha kumwita binti. Mwezi wa Oktoba Barasa aliagizwa aupake ukuta saruji, akaupaka, na ninajua kwamba haikuwa kazi aliyoifanya kwa moyo, kwa sababu alikuwa akiimba kwa kawaida na siku hizo hakuimba.

Wajukuu wangu hunisema kwamba mimi ni mkali jikoni. Mtu akipika nyumbani kwangu ni lazima ataje kila alichotia, hata maji, hata chumvi, na nikisikia mtu akisema “kile cha kawaida tu” ninamwamuru aanze upya. Wakwe zangu wamelia kwa ajili ya jambo hilo. Wanadhani ni uzee au ni ukosefu wa shule. Sikuwahi kuwaeleza, kwa kuwa nilidhani mtu akieleza lazima awe na la kufundisha mwishoni, na mimi sina. Kama ningemwuliza Mama Truphena mwezi wa Machi badala ya Agosti, mzee yule angeondoka akiwa amesahau kila kitu isipokuwa kwamba mikono yake ilikuwa mizima. Lakini mwezi wa Machi sikuwa na sababu ya kuuliza. Nimeligeuza jambo hilo kila upande, na kila upande ni uleule.

Binti yake alifika mwishoni mwa mwaka, mvua zikiwa zimekatika na upepo umeanza kupeperusha vumbi. Alikuwa mwanamke mtaratibu, aliyefunga vitu vya baba yake ndani ya sanduku bila kelele. Kiswahili hakukijua. Siku ya kuondoka, Mzee Seo alikuwa tayari amekaa ndani ya gari, mlango ukiwa wazi, Mama Truphena akiwa amesimama mbali na leso mdomoni, akikataa kusogea. Nilimwendea Mchungaji nikamwomba aniruhusu niseme neno moja na lifikishwe. Alitazama saa. “Sema haraka, Nekesa.”

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa siku nyingi, nikiyarudia chumbani kwangu mpaka jirani akanigongea bati. Nilisema kwamba ukuta uliukataa munyu, haukumkataa yeye. Kwamba munyu ni maji ya majivu ambayo sisi hutia katika mrenda bila kufikiri. Kwamba hakuna kitu alichokisahau. Kwamba tulipaka kiraka kwa kipimo chake na kikashika. Kwamba alipima sawa, mara zote alipima sawa. Mchungaji akayageuza kwa Kiingereza, na ingawa Kiingereza sikijui, nilisikia kwamba yalikuwa machache kuliko yangu. Binti akasikiliza, akamwinamia baba yake, akasema kitu kifupi zaidi. Mzee Seo akafikiri. Akajibu kwa sauti yake ya zamani, ile ya kazini. Jibu likarudi kwa njia ile ile, kwa binti, kwa Mchungaji, hadi kwangu.

“Anauliza mvua itaisha lini,” Mchungaji akasema, “ili aanze tena.”

Jua lilikuwa kali mpaka mabati ya ukumbi yakawa yanalia.

“Mwambieni imekwisha,” nikasema. “Mwambieni kesho tunaanza.”

Mchungaji alisema neno moja au mawili. Binti ndiye aliyesema mengi; alizungumza kwa muda mrefu, karibu kabisa na sikio la baba yake, na mpaka leo sijui alimwambia nini. Mzee Seo akaitikia kwa kichwa. Akafungua kifungo cha mkono wa shati lake, akaanza kuukunja, kwa uangalifu, mkunjo juu ya mkunjo, kama fundi anavyofanya kabla ya kugusa chokaa. Mlango ukafungwa. Gari lilipofika kwenye lami alikuwa ameanza mkono wa pili.